Tuga Ndiye Mdomo Wangu

Jumamosi, 3 Oktoba 1998

Misi Kisten anataka tuandike kila siku, hata mstari mmoja, kwa Kiingereza. Mimi nitaandika kwa Kiswahili. Kiingereza kikitaka kunifuata, kitanikuta njiani.

Darasa liko kwenye ukumbi wa kanisa hapa Berea, Jumamosi mchana. Misi ni mama wa Kihindi, mwalimu mstaafu, ana sauti ya kuamsha wafu. Nimekaa nyuma. Niliishia darasa la saba kule Rungwe, na hilo la saba lenyewe nilikuwa zaidi kwenye kuchuma chai kuliko kwenye dawati.

Aliyenileta hapa ni daktari wa mguu wa Tuga. Tuga ni Atuganile, binti yangu, ana miaka kumi na sita, sina mwingine. Baba yake tulimzika mwaka juzi. Mwezi wa nane mtoto alianza kulalamikia goti la kushoto. Nikasema netiboli hiyo, nikamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Uvimbe ukazidi, juu kidogo ya goti, mgumu kama yai la kuchemsha. Hospitali wakapiga picha, wakachukua na kipande cha mfupa kwenda kupima. Daktari ni mwanamke, mtu wa Cuba, anaitwa Yamilé. Kwao ni Kihispania, Kiingereza chake nacho ni cha kuokoteza. Siku ile alicheka, akanionyesha kwa mikono: mimi na wewe, Jumamosi, shule. Na leo kweli nimemkuta, amekaa mbele na kalamu zake tatu.

Tuga ndiye mdomo wangu hapa Durban. Benki, ofisi ya vibali, kwa mwenye nyumba: yeye anasema, mimi natikisa kichwa kukubali. Sisi wageni wote ndivyo tunavyoishi, watoto wanafika kwenye lugha kabla yetu.

Kuhusu goti, Tuga amenitafsiria kwamba daktari anasema labda ni maji.

Jumapili, 4 Oktoba

Mvua. Tuga amepaka raba zake za netiboli chaki, zote mbili, zikawa nyeupe pe. Na kucheza hachezi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Tumerudi hospitali. Majibu ya mfupa yametoka. Daktari ameongea muda mrefu, polepole, akitafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Mara ananitazama mimi, mara picha ya mfupa iliyowashwa taa ukutani. Akamaliza. Tuga akageuka.

"Anasema bado hawajui, Mama. Labda ni uvimbe wa kawaida. Turudi baada ya wiki mbili."

"Maneno yote yale ndiyo hayo tu?"

"Kiingereza kirefu, Mama."

Nikamwambia: mwambie daktari afanye lolote analoona, mradi upone. Tuga akamwambia. Daktari akakunja uso. Akaniuliza kitu moja kwa moja, machoni. Nikatikisa kichwa na kutabasamu, kama ninavyofanya kila mahali. Tuga akajibu kwa niaba yangu, na katikati ya maneno yake nikasikia neno moja ninalolijua kutoka kanisani: pray.

Kusali. Mimi sikusema habari ya kusali.

Labda Kiingereza ndivyo kinavyokwenda.

Jumamosi, 10 Oktoba

Leo Misi amechora ngazi ubaoni. Amesema Kiingereza kina maneno ya mtu mwenye shaka na maneno ya mtu mwenye hakika, na mtu mzima lazima ajue amesimama kwenye ngazi gani. Chini kabisa: impossible, haiwezekani. Juu yake unlikely, haielekei. Kisha doubtful, mwenye shaka. Kisha perhaps, ambayo ni labda ya watu wenye adabu. Kisha probably, yaani inaelekea kuwa ndiyo. Juu kabisa, certain. Hapo, amesema Misi, huteremki tena. Kuna na mengine marefu, undoubtedly, presumably, lakini hayo nimeyaandika tu kama picha.

Daktari Yamilé alisema "I am secure." Misi akamkatiza: unasema sure, binti, secure ni geti la nyumba yangu. Wote tukacheka. Daktari akacheka pia, halafu macho yake yakanigonga kule nyuma na kicheko kikakatika. Nilimpungia. Hakunipungia.

Nimemkosea nini mtu huyu?

Jumatatu, 12 Oktoba

Mvua. Kazini Morningside, kwenye nyumba ninayofanyia usafi, nimevunja kikombe. Mikono yangu siku hizi si yangu.

Jumatano, 14 Oktoba

Tuga ameshindwa kupanda ngazi za flati. Kasimama ghorofa ya kwanza kashika chuma. Akasema, nimesahau kitu tu, Mama, tangulia.

Jumamosi, 17 Oktoba

Siku mbaya.

Ilianza vizuri. Misi aliuliza kila mtu kwao wanasemaje wakiwa hawana uhakika. Daktari akasema kwao wana neno ojalá, la kuombea jambo liwe. Machano, yule Mzanzibari anayeuza mikanda ya suruali huko Isipingo, akaruka kwenye kiti. "Misi, hiyo si Inshallah hiyo? Wametuibia!" Daktari akaeleza kwamba Waarabu walikaa kwao miaka mingi, wakaacha maneno. Machano akasema: "Basi waturudishie, na riba." Hata mimi nikasahau shida.

Kisha Misi akataka kila mtu atunge sentensi. Daktari alisimama, akaisoma yake bila kutazama karatasi. Nilishika vipande: The doctor is certain. The mother is doubtful. Daktari ana hakika. Mama ana shaka. Misi akampigia makofi. Mimi nilihisi kama nimevuliwa kitambaa cha kichwa mbele za watu.

Baada ya darasa alinifuata hadi mlangoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, please," alisema. "No time. No time." Akasema na mengine, kwa haraka, na Kihispania kikaingia humo humo, na macho yake yalikuwa yamelowa. Machano alikuwa hatua chache anavaa koti la mvua. Ningeweza kumwita atafsiri. Lakini mwili wa binti yangu sitauweka mikononi mwa mwanaume wa watu, na tuseme kweli: niliogopa. Nilitikisa kichwa, nikatabasamu. Daktari aliniachia mkono kama kitu kilichomchoma.

No time. Muda hakuna. Muda wa nini?

Nilimuuliza Tuga. Akasema labda alimaanisha hakuwa na muda wa kukaa kuongea.

Jumapili, 18 Oktoba

Raba, chaki, zote mbili. Ninamtazama mikono.

Jumanne, 20 Oktoba

Laurette, Mkongomani tunayeishi naye flati moja, anafanya kazi ya kusuka saluni. Leo alinikuta jikoni nimesimama mbele ya sufuria isiyo na moto.

"Mama Tuga, iko nini? Uko napika hewa?"

Nikamwambia naogopa goti. Nikamwambia daktari ananitazama kama adui.

"Mutoto anakuambiaka nini?"

"Labda. Kila siku labda."

Laurette akacheka, akakaa juu ya ndoo. "Ngoja nikuambie ya Pascal yangu. Mwaka jana analeta ripoti ya masomo. Mimi Kiingereza sijue. Nikamuambia, soma. Anasoma: Maman, mwalimu anasema niko très fort, hodari sana, niko mbele ya bote! Mama Tuga, nilimupikia kuku! Nikamupeleka kwa pasta babariki akili yake. Kumbe, eish, alikuwa wa mwisho. Mwalimu alikuwa ananiita nikuje shule!" Akajipiga paja. "Batoto yetu ni bouche yetu, mudomo yetu. Lakini bouche inakulaka kwanza, tumbo inapata iliyobakia."

Nilicheka naye. Nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Halafu nikaona sicheki tena na Laurette ameinuka ananishika mabega, ananiuliza iko nini, iko nini tena.

Jumatano, 21 Oktoba

Nimeshindwa kuuliza.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimeshindwa.

Ijumaa, 23 Oktoba

Hospitali tena, daktari yuleyule. Safari hii sikusikiliza maneno yote. Nilisubiri yale ya kwenye ngazi tu, kama mtu anayesubiri jina lake kuitwa. Na likaja. Certain. Daktari alilisema akiwa ameweka kiganja juu ya goti la Tuga. Akalirudia. Certain.

Tuga akanigeukia. Uso wake mkavu, msafi, kama sahani iliyooshwa.

"Anasema bado hawajui, Mama. Labda."

Nikamwambia, mwambie nimeelewa. Sikujua niseme nini kingine. Aliongea, nikasikia tena pray.

Nje tulisimama kungoja teksi ya kurudi Berea, mvua inanyonyota. Nikasema kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Tuga mwanangu, hilo neno certain maana yake nini? Misi atatuuliza kesho."

Alitazama barabara. Robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani hapa, ikawaka nyekundu, ikawaka kijani, magari yakapita.

"Ni kama labda, Mama," akasema. "Ile ile tu."

Nikamjibu ahsante.

Sasa nimekaa kitandani na daftari hili. Yeye yuko kwa Laurette wanatazama televisheni, namsikia akicheka. Mtoto wangu ananidanganya. Nimeandika sentensi hiyo nione kama itakataa kukaa kwenye karatasi. Imekaa.

Kwanza nilipata hasira. Nikataka niingie pale sebuleni nimtoe kwa sikio. Mwanangu mimi niliyembeba mgongoni! Halafu hasira ikaondoka na kilichobaki nyuma yake ni kibaya zaidi. Kwa sababu Tuga si mwongo. Mtoto huyu alirudisha chenji ya duka iliyozidi tukiwa hatuna mkate. Mtoto wa namna hiyo akiamua kunidanganya usoni, basi alichokisikia kwa daktari ni kikubwa kuliko mimi na yeye.

Na kwetu habari mbaya haitupwi mbele ya mwenyewe kama maji machafu. Inazungushwa. Inapewa watu wazima, wanaivunja vipande, wanakupa kidogo kidogo. Mimi nimemweka mtoto awe ndiye mtu mzima. Nimemfanya asikie ugonjwa wake mwenyewe kwa sikio moja na kunivunjia vipande kwa mdomo uleule. Wiki mbili nzima. Na mimi pembeni natabasamu.

Jumamosi, 24 Oktoba

Darasani. Daktari hakuja, yuko zamu. Nimemwomba Misi anifundishe sentensi mbili tu. Hakuuliza kwa nini. Kanitazama tu, akaniandikia.

Jumatatu, 26 Oktoba

Nimefagia nyumba ya Morningside nzima nikisema sentensi zangu. Bosi kaniuliza naongea na nani. Nikasema na ufagio.

Ijumaa, 30 Oktoba

Niandike yote kama yalivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye.

Tulikuwa wanne chumbani: daktari, nesi mmoja wa Kizulu, Tuga na mimi. Daktari akaanza. Tuga akafungua mdomo, nikamshika kiganja.

"Leo nyamaza, mwanangu. Leo upumzike."

"Mama, hutaelewa."

"Nitaelewa nitakachoelewa."

Nikasema sentensi ya kwanza ya Misi. "Doctor, please, speak to me. Are you certain?"

Daktari aliweka kalamu chini. Alinitazama hivyo mpaka nikafikiri nimesema tusi. Kisha akasema ndiyo: cancer, neno hilo ni kansa ileile. Certain. Akachukua mkono wangu, akauweka juu ya uvimbe, na kwa upande wa kiganja chake akapitisha kwenye paja la mwanangu, juu ya goti, kama mtu anayekata mkate. "Cut," alisema. "The leg. Cut."

Tuga alitoa sauti. Si kilio, ni kama mtu aliyekanyagwa.

Daktari akaendelea, na maneno yake madogo nikayaelewa yote, afadhali nisingeelewa. "You say no. Two times, you say no. You say, first pray."

"Me?" nikasema. "I say no? I no say! I never say!"

Daktari akamtazama Tuga. Nesi akasema "Hawu, ntombazane", jamani binti, na kuweka mkono mdomoni. Ndipo nikaelewa kitu kizima. Mtoto hakunificha mimi peke yangu. Alikuwa anabeba uongo wa pande mbili, kwangu "labda", kwa daktari "mama amekataa". Bila mimi kukubali hawamkati. Na daktari aliamini, kwa sababu mama wa kukataa kisu kwa ajili ya maombi ameshawaona wengi. Ndiyo sababu ya yale macho darasani.

Nikauliza sentensi ya pili, ile niliyoogopa hata kuifundishwa. "If cut, she will live?"

Daktari alichukua karatasi akachora ngazi ya Misi. Akaweka kidole. Nilijua ataweka juu kabisa. Hakuweka juu. Aliweka kwenye probably.

"And no cut?"

Kidole kikashuka. Kikashuka. Kikagota chini.

Tuga alikuwa ameziba masikio, yeye anayejua Kiingereza kuliko sisi wote mle ndani. Nikamtoa mikono, taratibu, nikamtafsiria. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba ana saratani ya mfupa na mguu lazima ukatwe, na ukikatwa inaelekea atapona, na usipokatwa atakufa. Alikuwa anasema, Mama usiseme, Mama usiseme. Nikasema mpaka mwisho.

Kisha ndipo akanipa yangu.

"Ningekuambia ungekubali! Wewe unakubali kila kitu! Mzungu akiongea unatikisa kichwa, mwenye nyumba akiongea unatikisa kichwa. Angesema kata, ungetikisa kichwa. Mguu ni wangu!" Akalia, kamasi zinamtoka. "Na nilikuwa naomba kweli, Mama. Hilo sikudanganya. Nilikuwa naomba kila siku uondoke wenyewe."

Daktari anataka jibu ndani ya wiki moja. Watapiga picha ya kifua pia, kuona kama katika hizi wiki tatu tulizopoteza ugonjwa umepanda juu.

Sikutikisa kichwa. Nikamwambia daktari, "Wait. I ask my child."

Jumapili, 1 Novemba

Raba zote mbili. Hasemi nami.

Jumatatu, 2 Novemba

Hasemi. Laurette amemsuka nywele bila kulipwa, wakaongea Kifaransa chao cha uongo. Mimi nikasikiliza mlangoni kama mwizi.

Jumatano, 4 Novemba

Picha ya kifua. Tumekaa benchi tangu asubuhi hadi mchana. Kila mlango ukifunguka moyo wangu unafunguka nao. Ningeweza kumlazimisha, mimi ni mama, ningesema ndiyo wakamchukua. Nimefikiria hilo benchi zima. Na je, asipokubali hadi wiki iishe? Nitamlazimisha. Najua nitamlazimisha. Bwana usinifikishe hapo.

Daktari alitoka mwenyewe. Clean, alisema, akapapasa kifua chake. Today, clean. Hiyo today nimeisikia.

Ijumaa, 6 Novemba

Radi tangu mchana, umeme umekatika. Jibu lilikuwa leo. Nimempigia simu daktari kwenye kibanda cha simu cha Mkongomani mmoja wa mtaani, nimeomba hadi Jumatatu. Alisema Monday, last. Tuga alikuwa amekaa dirishani na mguu juu ya kiti.

"Mama, ukiwa mimi ungefanya nini?"

Wiki nzima nilikuwa nasubiri aseme neno. "Ningeogopa," nikasema.

"Halafu?"

"Halafu ningeogopa tena. Halafu ningekata."

"Una uhakika nitapona?"

Zamani ningesema ndiyo, mwanangu, kabisa, haraka kama mtu anayefunika chungu. "Sina," nikamwambia. "Niko pale daktari alipoweka kidole. Inaelekea."

Alisogeza mguu kitini nikapata pa kukaa.

Jumapili, 8 Novemba

Leo Tuga amepaka chaki raba moja. Ya kulia.

Jumanne, 10 Novemba

Wamemchukua asubuhi. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 12 Novemba

Ameamka vizuri jana, jioni homa ikapanda, nikakaa nimeshika chuma cha kitanda chake mpaka vidole vikawa kama vya maiti. Leo homa imeshuka kidogo. Chini ya shuka upande ule ni bapa. Nimejizoeza kutazama hapo bila kugeuza shingo.

Laurette na Machano walifika saa ya kuona wagonjwa. Machano kaleta mkanda mpya, akasema mgonjwa hutakiwa apelekewe kitu na yeye ana mikanda tu. Tuga alicheka, halafu akashika paja kwa sababu kucheka kunatonesha kidonda.

Daktari Yamilé amepita baada yao kuondoka. Alimpima, akasoma karatasi ya kitandani, akaniangalia mimi na kuanza kueleza kwa Kiingereza chetu kile, wake na wangu. Kidonda kizuri. Homa, bado anaitazama. Dawa kali zitaanza, nywele zitadondoka. Kama ugonjwa utarudi, it is doubtful, lakini certain hawezi kusema, atajua baada ya miezi.

Nilielewa yote. Nilitaka kujibu. Lakini Tuga alikuwa amegeuza kichwa kwenye mto, midomo imekauka, akaanza kunitafsiria kwa sauti ndogo, kama zamani. Kidonda ni kizuri, Mama. Homa bado wanaiangalia. Nywele zangu zitatoka. Ugonjwa kurudi, ana shaka kama utarudi, lakini hana hakika.

Nilimwacha aseme mpaka mwisho. Hakubadilisha neno.